Ndege ya Wanne: Tujifunze Nini Kutokana na Mali ya Shirika?



Katika miezi hii baadhi ya vikundi vyetu vimekuwa vikijadili jambo la kununua vyombo kwa shirika. Wapo wanaotaka mashine ya kukoboa kahawa, wengine lori la kupeleka ndizi sokoni, na wengine turubai na viti vya kukodisha kwenye sherehe na misiba. Ni mawazo mema, nasi tunayaunga mkono. Hata hivyo, katika vikao hivyo tumesikia swali moja likirudi tena na tena: je, mali ya watu wengi huweza kudumu, au mwisho wake ni ugomvi tu? Swali hilo ni zito, kwa kuwa watu waliokosana juu ya mashine hukosana pia kwenye mazishi na kwenye harusi, na jumuiya nzima huumia.

Tumeona ni vema kulijibu kwa njia ya historia. Tena tumechagua mfano ulio juu ya vichwa vyetu kwa maana halisi ya neno: ndege. Babu zetu wa Afrika Mashariki waliwahi kumiliki ndege kwa ubia. Walianza na ndege ndogo, wakafika mbali sana, kisha wakatengana vibaya. Yaliyowapata yanafanana mno na yanayoweza kuwapata watu wanane wenye mashine moja ya kahawa.

Kwanza tuelewe kwa nini mtu au nchi ihitaji mshirika katika kumiliki ndege. Ndege ni chombo kinachokula hata kikiwa kimesimama. Iruke au isiruke, itadai banda la kuilaza, bima ya kila mwaka, na fundi mwenye leseni wa kuikagua kwa tarehe zilizopangwa. Juu ya gharama hizo zisizobadilika huja gharama za kila saa ya kuruka: mafuta, ada za viwanja, na uchakavu. Injini ya ndege ndogo za kawaida hufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa baada ya saa 2,000 hivi za kuruka, na kazi hiyo ni ghali sana. Ndiyo maana katika nchi nyingi watu wenye mapenzi ya urubani hujikusanya watatu, wanne au zaidi, wakanunua ndege moja. Gharama za kudumu hugawanywa sawa kwa kila mwezi, na kila anayeruka hulipia saa zake, pamoja na kiasi kidogo kinachowekwa akiba kwa ajili ya injini. Kikundi chenye busara hakimwachii yeyote kuruka leo na kuwaachia wenzake deni la injini kesho.

Hapa Afrika Mashariki safari za ndege za kibiashara zilianza na mtu binafsi. Mwaka 1929 mama mmoja mjane wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na jina lake limebaki hadi leo katika uwanja wa ndege wa Wilson mjini humo. Vita Kuu ya Pili ilipofika kampuni hiyo ilikoma. Vita vilipokwisha, serikali za kikoloni ziliona kwamba eneo letu ni pana, barabara ni mbovu, na hakuna nchi moja yenye abiria wa kutosha kulisha shirika lake yenyewe. Zikaamua kuungana.

Tarehe 1 Januari 1946 likazaliwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways. Wenye mali walikuwa wanne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza kwa ndege sita tu aina ya de Havilland Dragon Rapide. Msidhani zilikuwa ndege kama hizi tunazoziona leo zikitua Bukoba. Zilikuwa za mbao na kitambaa, zenye injini mbili na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na kila moja ilibeba abiria wanane hivi. Kwa hiyo serikali nne zilikuwa zimeshirikiana vyombo ambavyo vyote sita kwa pamoja havikuweza kubeba watu wanaojaza basi moja la leo liendalo Mwanza.

Tuangalie sasa jinsi mtaji ulivyochangwa, maana hapo ndipo mbegu ya mambo yote ilipopandwa. Kenya ilitoa takriban theluthi mbili. Uganda ilitoa kama robo hivi. Tanganyika, nchi kubwa kuliko zote kwa eneo, ilitoa chini ya asilimia kumi, na Zanzibar chini ya asilimia moja. Makao makuu yakawekwa Nairobi, na karakana pia ikawa huko. Jambo hilo halikuwa la ajabu: mwenye hisa kubwa ndiye huamua mahali pa kuweka chombo. Lakini anayekaa na chombo ndiye hupata ajira za mafundi na makarani, na ndiye huchuma elimu ya kazi ile. Baada ya miaka ishirini mwenzake aliye mbali hugundua kwamba anamiliki ndege, ila hana fundi hata mmoja wa kuifungua.

Pamoja na hayo, shirika hilo lilistawi. Zilifuata ndege za Dakota, kisha mwaka 1960 likapata ndege za jeti aina ya Comet 4. Kuanzia mwaka 1966 likaanza kupokea Super VC10, ndege kubwa ya injini nne iliyokwenda hadi London, na hatimaye likawa nazo tano. Hapa pana jambo dogo linalofundisha. Kila ndege duniani hubeba herufi za nchi iliyoisajili: 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania. Ndege za shirika letu ziligawanywa usajili: nyingine ziliandikwa Kenya, nyingine Uganda, nyingine Tanzania. Chombo kilikuwa cha wote, lakini kila nchi iliweza kuonyesha kidole na kusema, ile pale ina herufi zangu. Hilo lilikuwa jambo la hekima, kwani mtu hulitunza zaidi lile lenye jina lake.

Baada ya uhuru wale wanne walibaki watatu, kwa kuwa Tanganyika na Zanzibar ziliungana mwaka 1964. Manung'uniko juu ya nani anafaidi zaidi katika huduma za pamoja yalikuwa yameshaanza, wala hayakuhusu ndege tu, bali pia reli, bandari, posta na viwanda. Wakuu wa nchi wakafanya jambo la busara: wakaomba mtu wa nje awasaidie kuyapima mambo. Tume iliyoongozwa na Profesa Kjeld Philip wa Denmark ilifanya kazi hiyo, na matunda yake yakawa Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki uliotiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Makao makuu ya huduma yakatawanywa: Jumuiya ikawekwa Arusha, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege zikabaki Nairobi. Kila mmoja akapata kiti mezani.

Lakini mkataba ule ulikuwa na sehemu moja dhaifu. Uamuzi wa mwisho uliwekwa mikononi mwa marais watatu, nao walitakiwa kukubaliana wote. Maadamu Kenyatta, Nyerere na Obote walikuwa wakisemezana, mambo yaliendelea. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua na kukaa naye meza moja, na tangu siku hiyo mamlaka ya marais hao haikukutana tena. Wahenga walisema fahari wawili hawakai zizi moja. Hatuandiki haya ili kumlaumu Mwalimu, ambaye sababu zake zinajulikana na historia imezipa uzito. Tunachotaka kusema ni kwamba mali ya pamoja isiwekewe utaratibu unaosimama siku viongozi wake wawili wanapokosana. Kukosana kwa wanadamu ni jambo la hakika kama mvua za masika.

Kikao kilipokufa, hesabu nazo zikaanza kuugua. Tikiti ziliuzwa Dar es Salaam, Kampala na Nairobi, na fedha zilipaswa kupelekwa makao makuu ili kulipa mafuta, mishahara na madeni ya ndege. Fedha hizo zikaanza kuchelewa, kisha kuzuiwa. Kenya ikalalamika kwamba wenzake hawaleti walichokusanya, na kwamba inabeba hasara za safari za ndani ya Tanzania ambazo hazina faida. Tanzania nayo iliona kwamba safari hizo ndizo hasa sababu ya kuwa na shirika, kwa kuwa nchi ni kubwa na watu wa pembezoni wana haki ya kufikiwa. Tena faida ya ajira na karakana imebaki Nairobi. Wapendwa, sote hapa tunakaa pembezoni. Kutoka Kayanga au Nkwenda hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, nasi tunaelewa uzito wa hoja ile ya Tanzania. Lakini hatuna budi kuielewa na hoja ya Kenya: huduma isiyolipa lazima ilipiwe na mtu, na huyo mtu ajulikane tangu mwanzo. Wote wawili walikuwa na haki, na hakukuwa na kikao cha kuzipima haki zao.

Katikati ya taabu hizo ulikuja pia msiba. Tarehe 18 Aprili 1972 mojawapo ya zile Super VC10, yenye herufi za Uganda, ilipata ajali ilipokuwa ikijaribu kuruka kutoka Addis Ababa. Walikuwamo watu 107, na 43 kati yao walipoteza maisha.

Mwisho ulifika mapema mwaka 1977. Shirika lilizidiwa na madeni na ndege zake zikasimama. Tarehe 22 Januari 1977 Kenya ilikuwa imekwisha kuunda Kenya Airways, na mwezi Februari ndege zake zikaanza kuruka. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi huohuo wa Februari, na mwezi Machi ikaunda Air Tanzania. Uganda ilikuwa tayari imeunda shirika lake mwaka 1976. Katikati ya mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliingia mkoani kwetu, na wazee wetu wanakumbuka jinsi daraja la Kyaka lilivyovunjwa, pale ambapo sisi wa Karagwe huachana na barabara ya Mtukula. Hatusemi kwamba vita ile ililetwa na ugomvi wa ndege. Ilikuwa na mizizi yake mingine. Ila majirani waliozoea kukaa kikao kimoja juu ya reli na ndege walikuwa hawana tena mahali pa kukutania.

Na ndege zilikwenda wapi? Zile Super VC10 nne zilizosalia zilirudi Uingereza kwa waliozitengeneza. Baadaye zilinunuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa matangi ya kuzijazia mafuta ndege za kivita zikiwa angani, na zikaendelea na kazi hiyo hadi karne hii. Ndege zilikuwa bado nzima, na zilikuwa na miaka mingi ya kazi mbele yake. Kilichokuwa kimeharibika ni uhusiano wa wenye mali.

Kugawana kilichobaki kulichukua muda mrefu kuliko wengi walivyotazamia. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Dakta Victor Umbricht, aliteuliwa kuwa msuluhishi, na ilimchukua miaka hadi tarehe 14 Mei 1984, ndipo mkataba wa kugawana mali na madeni ulipotiwa sahihi Arusha. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Tunawakumbuka hasa wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya. Wengi wao hapa Tanzania walidai mafao yao kwa miongo kadhaa, mahakamani na barabarani, na wengine walifariki kabla ya kuyaona. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Je, tuhitimishe kwamba ubia haufai? La hasha. Mwaka uleule wa 1946 nchi tatu za Ulaya ya Kaskazini, yaani Sweden, Norway na Denmark, ziliungana kuunda shirika la ndege la SAS. Nazo zilikuwa nchi jirani, zenye ukubwa tofauti, na zilizowahi kupigana katika historia yao. Zilikubaliana tangu mwanzo kwamba Sweden ichukue sehemu tatu katika saba, na wenzake sehemu mbili kila mmoja. Ndani ya kila nchi, nusu ilikuwa ya serikali na nusu ya watu binafsi. Shirika hilo limedumu hadi leo, ingawa umiliki wake umebadilika sana katika miaka ya karibuni. Kwa upande mwingine, nchi kumi na moja za Afrika zilizotumia Kifaransa ziliunda Air Afrique mwaka 1961, nayo ikafilisika mwaka 2002. Basi hatuwezi kusema kwamba ubia huishi au hufa kwa sababu ya ubia wenyewe. Yapo mambo yanayouhuisha na yapo yanayouua.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kuyatafuta. Wilaya ya Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ofisi na mipaka viligawanyika. Lakini chama chetu kikuu cha ushirika cha KDCU, kilichoanza mwaka 1990, kiliendelea kuwahudumia wakulima wa kahawa wa wilaya zote mbili. Katika kiwanda cha TANICA pale Bukoba, KDCU na wenzetu wa KCU ni wanahisa pamoja. Hatusemi kwamba vyama hivyo havina matatizo. Mkulima anayesubiri malipo yake anayajua vizuri kuliko sisi. Tunasema tu kwamba mpaka wa utawala si lazima uwe mpaka wa mali. Na hata Jumuiya yenyewe ilifufuka: mkataba mpya ulisainiwa tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Ni vema kukumbuka pia kwamba safari hii nchi hizo hazikuunda tena shirika moja la ndege. Kila moja imebaki na lake.

Tukirudi kwenye vikundi vyetu, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, hisa na faida zisemwe wazi. Aliyetoa zaidi apate zaidi kwa kipimo kinachojulikana. Lakini mashine ikikaa kwa mmoja, wenzake wapate kitu kingine, mathalani kijana wao afundishwe kuiendesha.

Pili, kila atumiaye aweke akiba ya matengenezo siku ileile anapotumia. Hiyo ndiyo hekima ya wale wenye ndege ndogo, na inafaa kwa mashine ya kukoboa kahawa sawasawa na inavyofaa kwa injini ya ndege. Chombo kisicho na akiba huharibika siku ya msimu, na siku hiyo hakuna mwenye fedha.

Tatu, kikao kisitegemee urafiki wa watu wawili. Iandikwe kwamba mwenyekiti na katibu wakikosana, wanachama wengine wanaweza kuitisha mkutano na kuamua kwa wingi wa kura. Daftari la mapato lisomwe hadharani kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichopatikana.

Nne, na hili wengi huliogopa, iandikwe mapema jinsi ya kutengana. Anayetaka kujitoa alipweje? Anayefariki, hisa yake iende kwa nani? Mashine ikiuzwa, deni lilipwe kabla ya nani kupata nini? Watu husema kwamba kuandika hayo ni kujitakia mabaya. Sisi tunaona kinyume chake. Nchi tatu zilitumia miaka saba kugawana mali kwa sababu hazikuwa zimekubaliana juu ya kutengana zilipokuwa bado zinapendana. Hati ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa mbele ya mashahidi siku ya furaha, ingewalinda mjane na yatima siku ya huzuni.

Tunawaomba viongozi wa vikundi wayajadili mambo haya manne kabla ya kukusanya hata shilingi moja. Wazee waliofanya kazi katika Jumuiya ile ya zamani, ambao bado wako kati yetu, waalikwe kwenye vikao hivyo na waulizwe walichokiona. Wanayo mengi ya kutuambia, na muda wa kuwasikiliza si mrefu.

Tunawatakia juma jema na mavuno mema.